LASIK nimelipia kwa hela ya FSA: pima macho kwanza, kiasi uchague baadae

Watu wakisikia nimefanya LASIK, ule upasuaji wa leza wa kurekebisha macho, swali la kwanza sio kama inauma, swali la kwanza ni hela umetoa wapi, na nawaelewa kabisa maana bima nyingi hapa Marekani hazigusi kitu hicho, wanasema ni hiari yako, miwani ipo, vaa miwani. Kwaiyo naandika hapa moja kwa moja jinsi nilivyolipa, maana nimeshaelezea kwa simu mpaka nimechoka, na kila nikielezea naona watu wanashika jina la akaunti tu afu lile la muhimu linawapita. La muhimu ni mpangilio, kipi kinaanza kipi kinafuata. Hela yenyewe inakuja tu ukipanga vizuri.

Mimi ni nesi, naishi Minnesota na mume wangu na watoto wawili. Miwani nimevaa tangu niko darasa la sita Tanga, na namba zilikuwa zinapanda kila baada ya muda mpaka zikaja kutulia kwenye minus tano na kitu macho yote mawili. Kwa asiyejua minus tano ni nini, bila miwani ile herufi kubwa ya juu kabisa kwenye ubao wa kupimia ndo naiona, zile za chini yake ni ukungu mtupu. Mtoto akilia usiku kwanza napapasa miwani ndo niende. Na huku kwetu baridi ikifika ukitoka nje ukaingia wodini miwani inapata mvuke huoni kitu, ukivaa na barakoa ndo kabisa, nimewahi kusimama mbele ya mgonjwa na sindano mkononi nasubiri miwani ikauke nisome jina kwenye mkanda wake. Lenzi za kuweka jichoni nilijaribu, shifti ya masaa 12 macho yanakauka yanawasha, nikaacha nikawa nazivaa kwenye harusi tu.

Sasa FSA. Hii ni akaunti ya matibabu unayoipata kupitia kazini. Msimu wa kuchagua bima ukifika, kazini kwetu ni mwanzoni mwa Novemba, unawaambia mwaka ujao nikateni kiasi fulani, wanakigawanya kwenye mishahara yako yote ya mwaka, na hicho kiasi kinatoka kabla kodi haijaguswa. Hapo ndo penye faida. Mwaka 2025 kiwango cha juu kwa mfanyakazi kilikuwa dola 3,300, mwaka huu 2026 ni 3,400. Mimi nilichagua zote 3,300. Kipato chetu mimi na mume kikijumlishwa tunaangukia kwenye kodi ya serikali kuu ya asilimia 22, juu yake kuna makato ya Social Security na Medicare, yale ya pensheni na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, afu jimbo letu la Minnesota linachukua 6.8, jumla asilimia 36.45. Piga hesabu mwenyewe, kwenye 3,300 hiyo ni dola 1,200 na ushee ambazo zingekwenda kwenye kodi zikabaki kulipia macho yangu. Wa kipato cha chini anayelipa asilimia 12 kwa hapa Minnesota anaokoa kama dola 870. Walioko Texas au Florida toeni hiyo ya jimbo maana nyie hamlipi.

Na kwenye mshahara usiogope ile namba. Sisi tunalipwa kila wiki mbili, kwaiyo kila mshahara nilikatwa dola 127 hivi, ila kilichopungua mfukoni ni kama dola 80 tu, kwa sababu ingebaki kwenye mshahara kodi ingekula sehemu yake. Nilimwonesha mume wangu slipu mbili, ya Desemba na ya Januari, tukaziweka pembeni pembeni mezani ndo akaamini.

Kama kuna mtu atakuambia macho ya leza hayakubaliki kwa sababu ni urembo, mwambie asome kijitabu namba 502 cha IRS, wale wakusanya kodi wa Marekani, wameandika wenyewe kwamba upasuaji wa macho wa kurekebisha uoni, leza ikiwemo, ni gharama ya matibabu. Bima kukataa kulipa ni jambo moja, akaunti isiyokatwa kodi kukubali ni jambo lingine, watu wanachanganya hivi vitu viwili.

Sasa nirudi kwenye mpangilio. Kuna mwenzangu kazini, dada wa Eldoret, mwaka 2024 aliweka kiwango chote cha mwaka ule dola 3,200 kwa ajili ya LASIK, Februari akaenda kupimwa akaambiwa konea yake, kile kioo cha mbele ya jicho ambacho leza inakichonga, ni nyembamba, haifai. Hajafanya kosa lolote la kiafya, ndivyo alivyoumbwa tu, lakini sheria ya FSA ni kwamba ukishachagua kiasi huwezi kukibadilisha katikati ya mwaka mpaka kitokee kitu kikubwa kama ndoa au mtoto kuzaliwa, na konea nyembamba sio mojawapo. Na hela isipotumika mwisho wa mwaka inapotea. Kazi nyingine zinaruhusu kiasi kidogo kivuke mwaka, nyingine zinakupa miezi miwili na nusu ya nyongeza mpaka tarehe 15 Machi, nyingine haziruhusu chochote, na hizo mbili za kwanza huwezi kupewa zote kwa pamoja. Yule dada alihangaika mwaka mzima, miwani mpya, meno ya mtoto, dawa za mafua, na bado kuna hela ilimpotea. Niliumia kwa ajili yake kwa kweli maana ile ni hela ya ovataimu, tulikuwa tunakaa nae usiku tunaona.

Mimi kwa kuona yale nikasema napima kwanza. Kliniki nyingi za LASIK kipimo cha kwanza ni bure, wanataka mteja, basi tumia nafasi hiyo. Nilienda mwishoni mwa Septemba 2024, lenzi sikuwa nimeweka kwa wiki mbili kabla maana lenzi inabadilisha umbo la konea na vipimo vinatoka sio, zile lenzi ngumu ndo zinahitaji muda mrefu zaidi. Wakanipima unene wa konea, wakachora ramani ya konea yote kwenye mashine, wakapima ukubwa wa mboni kwenye giza, wakaweka kikaratasi kwenye kope kupima machozi. Wakauliza kama namba zangu zimetulia kwa mwaka mzima, wakauliza kama nina mimba au nanyonyesha maana homoni nazo zinachezea namba. Nilipotoka pale najua kwamba nafaa, najua bei, na Novemba ilipofika nikaandika 3,300 bila wasiwasi. Hicho ndo kitu ninachokisisitiza kwa kila mtu. Konea yako ijulikane kabla fomu ya HR, ile idara ya wafanyakazi, haijajazwa.

Kazini kwetu ni wale wanaoruhusu masalio kuvuka. Kutoka 2024 kwenda 2025 kiwango cha juu cha kuvusha kilikuwa dola 640, na mimi 2024 nilikuwa na FSA ndogo ya dawa na miwani ya watoto, nikajizuia miezi ya mwisho nisiitumie mpaka 640 zikabaki. Januari zikahamishiwa mwaka mpya. 640 na 3,300 jumla dola 3,940. Wenye mume au mke anayefanya kazi sehemu yenye FSA, na yeye anaweza kuchukua kiwango chake chote kwa mwajiri wake, na zote mbili zikalipia macho ya mtu mmoja. Sisi kwa mume wangu haikuwepo, ya kwake nitaieleza chini.

Na sasa kitu ambacho hata watu wa miaka mingi hapa hawakijui, FSA ya matibabu unaruhusiwa kuitumia YOTE kuanzia siku ya kwanza ya mwaka, hata kama hujakatwa hata senti. Mimi nilifanya mwanzoni mwa Februari 2025, wakati huo nimekatwa chini ya dola 400, lakini kadi ya FSA ililipa 3,300 nzima, zilizobaki nikaendelea kukatwa taratibu mpaka Desemba. Ni mkopo usio na riba kutoka kwa mwajiri na sheria ndo inamlazimisha. Hata ukiacha kazi katikati baada ya kutumia, kawaida hawakudai tofauti. Kinyume chake pia ni kweli, ukiacha kazi hela yako ipo na hujaitumia, mara nyingi imekwenda, kwaiyo anayefikiria kuhama kazi afanye mapema.

Halafu tarehe. Kinachohesabiwa ni siku uliyofanyiwa, sio siku uliyolipa. Jamaa mmoja tunasali nae msikiti mmoja na mume wangu, Desemba kliniki ikamwambia lipa sasa ushike nafasi ya Januari, na yeye ana hela ya FSA ya mwaka unaoisha akaona safi, akalipa. Madai yakakataliwa, kwa sababu huduma yenyewe ilikuwa ya Januari na hela ilikuwa ya mwaka uliopita na kazini kwake hakuna kuvusha. Yule mtu wa mauzo aliyempigia simu hakumwambia hilo. Na sidhani kama ni kazi yake kujua, kazi yake ni kuuza, ndo maana inabidi ujue wewe.

Tukiwa kwenye kuuza, yale matangazo ya dola 250 kwa jicho muwe nayo macho. Nilipiga simu kwa mmoja nikaenda, nikakaa kwenye kiti, wakapima, afu bei ikaanza kupanda, hiyo ni ya namba ndogo, wewe una namba kubwa, una astigimatizimu kidogo, yaani konea haiko duara sawasawa, leza ya kisasa ni bei nyingine, ufuatiliaji ni bei nyingine, mpaka ikawa zaidi ya dola 2,000 kwa jicho. Sio mimi peke yangu, Januari 2023 tume ya serikali inayolinda wateja, FTC, iliibana kampuni moja kubwa ya LASIK kwa matangazo ya namna hiyo hiyo na ikakubali kulipa dola milioni 1.25. Mimi nikaenda kwingine ambako bei ni moja, dola 2,300 kwa jicho, ndani yake vipimo, upasuaji, ziara zote za mwaka wa kwanza, na kurudia kama namba ikirudi ndani ya muda waliouandika kwenye mkataba. Jumla 4,600. Uliza hayo maswali na jibu lije kwa maandishi. 3,940 ilitoka kwenye FSA, 660 tukatoa kwenye akiba. Walinipa fomu ya kadi ya mkopo, eti miezi kadhaa bila riba, nikaisoma maandishi madogo, ukibakiza hata dola kumi siku ya mwisho riba yote inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza, na kiwango chake ni kikubwa mno. Nikairudisha.

Nilichagua Februari kwa sababu mbili, FSA ilikuwa imejaa, na Ramadhani ilikuwa inaanza tarehe 1 Machi nikataka matone yale ya kila baada ya masaa machache yawe yamekwisha. Najua wanazuoni wengi wanasema matone ya jicho hayafunguzi, ila nilitaka moyo utulie. Daktari alisema maji yasiingie jichoni wiki nzima na nisisugue kabisa, nikamuuliza ustadhi wetu akanielekeza namna ya kutawadha bila kufikisha maji machoni, kwaiyo wenye swali hilo msiliachie siku ya upasuaji, ulizeni kabla.

Siku yenyewe. Sikupaka wanja wala mafuta yoyote usoni, hata manukato wanakataza. Wakanipa kidonge cha kutuliza, matone ya ganzi, nikalala kwenye kitanda chini ya mashine, wakaweka kile kichuma cha kushika kope usipepese. Ganzi inafanya kazi kweli, maumivu hakuna, kinachokusumbua ni kujua wanachofanya. Hatua ya kwanza wanaweka kibonyezo kinachoshika jicho, unahisi mgandamizo, na uoni unafifia mpaka giza kwa sekunde chache, hapo ndo leza ya kwanza inakata kile kifuniko chembamba cha konea. Mimi ni nesi nimeona mengi, lakini lile giza lilinifanya nisome Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Baadae wanafunua kifuniko, kila kitu kinakuwa ukungu, unaambiwa angalia taa ya kijani usiondoe jicho, na leza ya pili inaanza kupiga, sauti kama tiki tiki tiki, na unasikia harufu ya nywele zikiungua. Daktari alikuwa ananihesabia kwa sauti, ishirini, kumi na tano, kumi, tano, vizuri sana, tumemaliza. Anarudisha kifuniko, anakilainisha kwa kibrashi kidogo unakiona kabisa kinapita juu ya jicho lako na hukihisi. Jicho la pili vilevile. Kuingia na kutoka kile chumba ni muda mfupi kuliko foleni ya benki.

Jioni ile sio nzuri nisiwadanganye, ganzi ikiisha yanawasha, machozi yanatiririka, mwanga huutaki. Mume alinirudisha nyumbani, nikaweka zile kinga za plastiki, nikalala. Alfajiri nikaamka nikaenda chooni, nikarudi, nikawa nimeshaangalia saa ya ukutani upande wa pili wa chumba, saa kumi na moja na dakika ishirini, ndo nikashtuka kwamba nimeisoma. Nikamwamsha mume nikamwambia naiona saa. Nililia, na daktari alikuwa amekataza kulia lakini haikuwezekana. Kwenye kipimo cha asubuhi ile nikasoma mstari wa 20/20, yaani uoni wa kawaida bila miwani.

Baada ya hapo macho makavu yalinikaa miezi kadhaa, hasa wodini kwenye kiyoyozi, na usiku taa za magari zilikuwa na duara la mwanga kuizunguka kila moja, zimepungua sana lakini sio kwamba zimeisha kabisa. Anayeendesha usiku aulize hilo vizuri. Yale matone ya machozi ya bandia ya dukani nayo yanakubalika FSA bila cheti cha daktari tangu sheria ya 2020 ya wakati wa korona. Hata maili za kwenda kliniki unaweza kudai, 2025 ilikuwa senti 21 kwa maili, na paking nayo. Miwani ya jua ya kawaida isiyo na namba haikubaliki.

Kadi ilipita vizuri kliniki lakini wiki mbili baadae ikaja barua, tuthibitishie. Hapa wengi wanapeleka risiti ya mashine ya kadi, inakataliwa. Wanataka karatasi yenye jina la mgonjwa, tarehe ya huduma, huduma gani, kiasi gani, na nani katoa. Omba kliniki wakuchapishie hiyo kabla hujaondoka, mimi niliipiga picha hapo hapo nikaituma barua ilipokuja na mambo yakaisha.

Sasa ya mume. Kazini kwake ghalani wana bima ya makato makubwa, ile ambayo unalipa mwenyewe mpaka kiwango fulani ndo bima ianze, na hiyo inakuja na HSA. HSA nayo ni akaunti ya matibabu isiyokatwa kodi ila ni tofauti kabisa, hela ni yako, haipotei mwisho wa mwaka, ukihama kazi unaondoka nayo, na unaweza hata kuiwekeza ikue. Ubaya wake unatumia iliyomo tu, hakuna kutanguliziwa kama FSA. Alitaka kuianza 2025, mimi nikiwa na FSA yangu. Kijana wao wa HR, Mungu ambariki, alimuuliza mkeo ana FSA? Maana FSA ya kawaida ya mke inahesabika inamfunika na mume hata kama hajaitumia hata siku moja, na mwenye kufunikwa na FSA ya kawaida haruhusiwi kuweka hela HSA. Wangapi wanaweka zote mbili bila kujua hilo, na IRS ikija ni kodi na faini. Tukasubiri. 2025 tukamaliza macho yangu, FSA nikaitumia mpaka senti ya mwisho kisivuke kitu, na 2026 mimi nimechukua ile FSA ya macho na meno peke yake, hiyo inaruhusiwa kukaa pamoja na HSA, na yeye ameanza HSA. Kwa anayetaka LASIK huo ndo mchanganyiko mzuri kuliko yote kama kazini kwenu upo, maana LASIK ni macho, FSA ya macho na meno inailipa, na HSA inaongezea panapopungua.

Ila yeye mwenyewe hafanyi. Ana miaka 47, alipimwa, daktari akamwambia ukweli kwamba mbali ataona lakini karibu bado atahitaji miwani ya kusomea, huo ni umri, leza ya aina hii haiondoi hilo. Akafikiria akasema sitaki kutoa 4,600 niendelee kutafuta miwani ya kusomea simu. Uamuzi mzuri, na kwa vile alipima kabla hakuna hela iliyofungwa mahali.

Kuna jambo moja limenikaa kooni. Mama yangu yuko Tanga, ana mtoto wa jicho, na mume alivyoona HSA inakua akasema si tutoe humo tumfanyie mama. Nilifurahi, nikaenda kusoma. Haikubaliki. HSA inalipia wewe, mwenzi wako, na wanaokutegemea kwa mujibu wa sheria ya kodi, na mzazi anayekaa nje, kama sio raia wa Marekani na haishi Marekani, Canada au Mexico, hahesabiki, hata kama unamlisha wewe kila mwezi. Ukitoa unalipa kodi yake na faini ya asilimia 20 juu. Kwaiyo ya mama tunakusanya kwenye akiba ya kawaida, na nawaambia hili kwa sababu najua wengi tuna mama huko na wazo hilo litakuja. Wewe mwenyewe ukienda kufanyiwa Nairobi au India, hiyo inakubalika maana mgonjwa ni wewe, ila LASIK ina ziara ya kesho yake, ya wiki, ya mwezi, upange likizo ndefu.

Wa mwisho ni shemeji yangu Houston anaendesha lori kwa 1099, yaani sio mwajiriwa, anajilipia kodi mwenyewe. Mtu aliyejiajiri FSA hana, hiyo sahau. Lakini kuanzia Januari 2026 bima zote za ngazi ya bronze, ile ya chini, za soko la bima la serikali zinaruhusu HSA, na yeye alikuwa na bronze muda wote bila kujua ina maana gani. Kikomo cha mtu mmoja mwaka huu ni dola 4,400, hatakwepa ile kodi ya waliojiajiri lakini ya mapato inapungua. Nilichomsisitiza ni kimoja, akaunti ifunguliwe na iwekwe hela kidogo KABLA ya upasuaji, maana gharama ya kabla ya akaunti haidaiwi milele, lakini ya baada unaweza kulipa mfukoni leo ukajirudishia hata miaka mitatu ijayo akaunti ikishajaa, mradi risiti unazo na hukuidai kwingine. Amefungua mwezi wa pili na dola 100, kipimo cha konea ni mwisho wa mwezi huu, na lenzi nimemwambia azivue kuanzia sasa.